Mpaka Aliouandika Bethuel

Bethuel Mwachala aliwajua wafalme wa Mercia kuliko alivyowajua wajomba zake. Si utani huo. Ungemgutusha usingizini ukamuuliza nani alimrithi nani, angekutajia mmoja baada ya mwingine, huyu aliuawa na walinzi wake mwenyewe, yule alifia kitandani, kisha angejigeuza ukutani na kuendelea kukoroma. Lakini umuulize mke wa pili wa babu yake aliitwa nani, ungemwona anaanza kukuna kichwa na kutafuta miwani.

Alitoka kwao Taita, milimani kupita Wundanyi, mwaka wa sitini na tisa, akaja Birmingham kusomea historia. Makubaliano yalikuwa asome miaka mitatu, arudi akafundishe. Mitatu ikapita, akaongeza miwili, halafu akaongeza mingine ambayo hakumwambia mtu ni mingapi. Alipanga chumba mtaa wa Winson Green, juu ya duka la Shantilal, Mhindi aliyezaliwa Voi na kuliacha duka la baba yake pale karibu na stesheni ya reli, Wahindi walipokuwa wakihama kwa vishindo. Huyu Shantilal aliwauzia Wataita sukari na mafuta ya taa tangu akiwa mtoto wa kupanda juu ya kreti ndipo aifikie kaunta. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi, kisicho na adabu nyingi, na Bethuel alikipenda kwa sababu kilimfikisha nyumbani bila nauli.

"Mwalimu," Shantilal alikuwa akimwambia kila anapomwona akishuka ngazi na buti za mpira, "leo unakwenda kumwamkia maiti gani?"

"Mercia, Shantibhai."

"Huyo bado hajafufuka tu?"

Mercia, kwa asiyejua, ulikuwa ufalme wa Waingereza wa kale, kabla hata haijawapo nchi inayoitwa Uingereza. Ulishika sehemu yote ya katikati, na Birmingham enzi hizo ilikuwa kijiji cha ukoo mmoja, vibanda na matope, ndani ya ufalme huo. Jina lenyewe maana yake ni watu wa mpakani. Na kweli mipaka waliipenda, hao! Mfalme wao mmoja, Offa, aliwachimbisha watu handaki refu la kujitenga na majirani wa magharibi, na handaki lipo hadi leo, watu wanakwenda kulitembelea na mikate yao mifukoni. Ufalme ulikufa zamani, ila majina ya vijiji na vijito na mipaka mingi ya majimbo ilibaki palepale, na Waingereza wanaishi juu yake bila habari, kama mtu anayelala juu ya godoro asijue limejazwa nini.

Kilichomteka Bethuel hasa ni hati za ardhi. Mfalme akimpa askofu shamba, hakuchora ramani. Hati ilieleza mpaka kwa maneno, kama mtu anayetembea: toka mti wa miiba hadi handaki jekundu, toka handaki jekundu hadi shimo la mbweha, kisha fuata kijito hadi kivuko cha mawe. Na msafara huo karibu kila mara ulizunguka upande mmoja, ule wa mshale wa saa, shamba likiwa mkono wa kulia wa mtembeaji. Chini yake majina ya mashahidi, maaskofu na mabwana wakubwa wakubwa. Bethuel alikuwa na hati moja ya upande wa Harborne, pembeni mwa mji uleule, na kila Jumamosi alikwenda kuitembea. Siku alipolikuta handaki jekundu nyuma ya uzio wa watu, limejaa majani makavu na baiskeli mbovu, alisimama akalia. Miaka elfu na ushei! Wino ulikuwa umelishika handaki lile lisipotee duniani. Akarudi Winson Green na matope mpaka magotini, akamsimulia Shantilal habari yote kwa mikono miwili, na Shantilal akamwambia avue viatu kwanza.

Sasa, kwao Taita vilevile mipaka ilitembewa, na Bethuel alilijua hilo vizuri. Katika ukoo wao, baba akiona nguvu zinamwishia humchukua mwanawe wa kiume asubuhi, wakazunguka shamba kwa miguu, amwonyeshe: hapa ndipo, hapa ndipo, hapa usivuke. Aliyetembezwa ndiye shahidi. Mtoto wa kike hatembezwi, kwa kuwa ataolewa aende zake. Bethuel alitembezwa akiwa kijana wa kidato cha nne, na tuseme kweli, mwili ulikuwepo, kichwa kilikuwa kwenye matokeo ya mtihani. Alama nyingi za mpaka zilimwingia kwa kuwa alizichezea tangu utotoni. Kule chini kwenye chemchemi ndiko mzee aliposimama akamshika mkono wa kushoto, akaubana kwa nguvu. "Maji yawe mkono wako huu. Wa kushoto. Ukisahau yote, usisahau hilo." Mwaka uliofuata mzee akafa.

Na shamba lenyewe lililimwa na nani? Na Milka, dada yake mkubwa. Milka aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani na watoto wawili wadogo, akalishika jembe. Ni yeye aliyekata matuta kwenye ule mteremko, akapanda kabichi na nyanya, akazimwagilia kwa maji ya chemchemi hiyo hiyo. Kabichi zile zilishuka Voi, zikafika Mombasa, zikarudi zikiwa karo ya Bethuel. Sweta aliyokuja nayo Ulaya ilitoka kwenye kabichi. Hilo nalo alilijua.

Mwezi wa Januari mwaka wa sabini na nne, Jemima alirudi kutoka likizo. Jemima alikuwa muuguzi katika ile hospitali kubwa karibu na Harborne, Mtaita wa kilima cha pili, anayemwita Bethuel kaka ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Hakupita kwake kwanza. Alikuja na sanduku lake moja kwa moja mpaka dukani, akaketi juu ya gunia.

"Kaka Bethuel, dada Milka anakusalimia. Amenipa maneno akasema nisiyaongeze wala nisiyapunguze."

"Haya, yatoe."

"Anasema: wapimaji wa serikali wanakuja baada ya Pasaka, kila mtu aonyeshe mpaka wake aandikiwe. Cleopas anadai kule chini kote, pamoja na maji. Mimi sikutembezwa. Mwambie aje asimame."

Cleopas alikuwa mtoto wa baba yao mdogo, na shamba lake lilipakana na lao. Mtu mpole, mwenye kucheka, na wenye kucheka ndio wa kuogopwa.

"Nitakwenda," Bethuel akasema, papo hapo. Na tumpe haki yake, alikusudia kwenda. Alikwisha hata kuulizia ndege.

Tatizo lilikuja kwa njia ya sifa. Mwaka ule serikali ya Uingereza ilikuwa inachora upya mipaka ya majimbo. Mji huu unang'olewa huku, ule unatiwa kule, na wazee waliozaliwa jimbo moja wanaambiwa kuanzia tarehe mosi Aprili watakufa katika jimbo jingine. Watu walikasirika sana. Chama kimoja cha wapenda historia kikaona kiitishe mkutano wa hadhara, mtu aje awaeleze mipaka ya kale ilianzaje. Profesa wake Bethuel akamtaja yeye. Mwafrika anayeijua Mercia! Gazeti likasema litaleta mpiga picha. Tarehe iliyopangwa ilikuwa wiki ileile ya wapimaji.

Angeweza kuomba wasogeze siku. Aliogopa wasije wakampa mtu mwingine. Akajishauri siku nzima, akashuka ngazi na jibu ambalo lilimfurahisha mwenyewe.

"Nitaandika," akawaambia Shantilal na Jemima.

"Utaandika nini?" Jemima akauliza.

"Mpaka wote, alama kwa alama, kama hati. Nyinyi mtatia sahihi. Shantilal anajulikana Voi nzima, nani atamkataa?"

"Kaka, kwetu mpaka unaonyeshwa kwa miguu."

"Hao ni watu wa serikali, Jemima. Serikali ni karatasi. Hati imeshika handaki miaka elfu, itashindwa kushika kijito mwezi mmoja?"

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Jemima akasema. "Yule dada alisema uje usimame. Hakusema uandike."

"Wewe mwanamke una maneno!"

"Ninayo, na mengine nimeyameza."

Shantilal alikuwa akipanga makopo ya maziwa, hakugeuka. "Mwalimu, ile ndege inakwenda kila wiki. Wazungu hao na mipaka yao watakuwapo tu."

Lakini mtu akishaipenda akili yake mwenyewe, nani atamwambia kitu? Aliandika. Alikaa mezani jioni tatu, akatoa kazi safi ya Kiswahili cha kupendeza, iliyofuata desturi ya hati za Mercia neno kwa neno. Alianzia kaburi la babu, akazunguka upande wa mshale wa saa kama walivyozunguka maaskofu: toka kaburini shuka hadi jiwe lenye ufa, toka jiwe lenye ufa hadi mstari wa mimea ya masale, fuata masale hadi chemchemi, maji yakiwa mkono wa kushoto, kisha panda kwa ukingo wa tuta la kale hadi mkuyu, na toka mkuyu rudi kaburini. Akasoma kwa sauti. Shantilal akakiri kuwa ni maneno mazuri. Jemima akatia sahihi, Shantilal akatia sahihi na muhuri wa duka juu yake, na karatasi ikatumwa kwa Milka kwa rejista.

Mkutano ulifana. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama mpaka mlangoni. Bethuel, na suti ya kuazima, aliwatembeza kwenye mipaka yao wenyewe kwa saa nzima na nusu, akawatajia vijito wanavyopita juu yake kila siku ndani ya basi, na wazee wakawa wanatikisa vichwa na kupanguzana machozi. Mwishoni bibi mmoja akanyoosha mkono akauliza: na kwenu, bwana, watu wanaijuaje mipaka yao? Bethuel akatabasamu. Akasema kwetu baba humshika mwanawe mkono akamtembeza. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Picha yake ikatoka gazetini, akaibandika ukutani juu ya kitanda.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Jemima akaingia dukani na nguo zake za kanisani, hakusalimu mtu. Bethuel alikuwa anakunywa chai nyuma ya kaunta.

"Wapimaji wamefika," akasema. "Kaka yangu alikuwapo, nimepata barua yake jana."

"Karatasi yangu waliikubali?"

"Waliikubali."

"Si nilikwambia!"

"Nyamaza kwanza, kaka. Waliikubali. Karani aliisoma kwa sauti, watu wote wakasimama kimya kama kanisani. Kisha wakaitembea. Wakaanzia kaburini, wakashuka kwenye jiwe, wakafuata masale, kama ulivyosema. Kufika majini, karani akasoma: mkono wa kushoto. Wakapita, maji yakabaki kushoto. Shamba la Milka lilikuwa kulia. Wakapigilia kigingi kati. Maji yametoka nje, kaka. Ni ya Cleopas."

Chai ilimpalia Bethuel. Jemima hakumngoja amalize kukohoa.

"Milka alikwenda akasimama mbele ya kigingi. Akasema hapana, maji yamo ndani, nimeyachota tangu nina meno ya utoto. Mzee wa kamati akamuuliza: wewe ulitembezwa? Akaambiwa: aliyetembezwa ameandika, tena amesoma, na mashahidi wawili wametia sahihi. Mmoja ni Shantilal wa Voi."

Shantilal aliliweka chini kopo alilokuwa nalo.

"Wametembea vibaya hao!" Bethuel akapayuka. Akapanda ngazi mbiombio, akashuka na nakala yake. Akaisoma yote. Jiwe lipo. Masale yapo. Mkuyu upo. "Kila alama ni sahihi. Na baba alisema kushoto, naapa kwa Mungu alisema kushoto! Aliubana mkono huu, mpaka leo nausikia!"

"Hakuna anayesema mzee alidanganya," Jemima akasema.

"Sasa nani amekosea?"

Shantilal ndiye aliyeinuka. Aliburuta magunia mawili ya mchele mpaka katikati ya duka, akayalaza. Akaweka kreti ya soda upande mmoja. Akachukua ndoo ya kupigia deki, akaiweka upande wa chini wa magunia, ikiyagusa.

"Hili shamba lenu. Hii kreti, kaburi la babu. Hii ndoo, maji. Milka anasema maji yamo ndani, basi tuseme yamo ndani. Sasa wewe acha karatasi. Tembea kama siku ile na mzee."

"Shantibhai, huu si wakati wa mchezo."

"Tembea, bwana!"

Bethuel akasimama kando ya kreti. Akafumba macho. Akaliona koti la baba yake mbele, lile la kijeshi lililochanika begani, na fimbo yake. Akalisikia jua likimpiga usoni. Walipotoka kaburini jua lilikuwa usoni, na jua la asubuhi lilikuwa upande wa mkuyu. Walipanda kwanza. Mzee alisema tupande sasa tukiwa na nguvu, tushuke tukichoka. Mguu wa Bethuel ukaenda wenyewe, akaanza kuyazunguka magunia, na kabla hajafika mbali macho yakamfumbuka. Alikuwa anakwenda kinyume cha karatasi yake.

Akaendelea hata hivyo. Mkuyu, tuta la kale, akashuka mpaka kwenye ndoo. Akatazama. Magunia yalikuwa mkono wake wa kushoto, na ndoo ilikuwa hapo hapo na magunia, mkono wa kushoto, ndani.

"Sasa zunguka kama ulivyoandika," Shantilal akasema polepole.

Hakuwa na haja, ila alizunguka. Jiwe, masale, magunia yakiwa mkono wa kulia kama yalivyo mashamba yote ya Mercia. Ili ndoo iwe mkono wake wa kushoto, ilibidi Shantilal aiinue aitoe kwenye magunia, aisukume kule kwenye rafu ya mikate. Ndoo ikakaa huko peke yake, nje kabisa.

Masikini Bethuel! Mzee alizunguka shamba lake kwa upande aliourithi kwa baba zake, kilichokuwa kushoto ndicho kilichokuwa cha kwao. Mwanawe akalitunza neno la mzee, njia akaichukua kwa maaskofu. Miaka yote ile ya kutembea na hati Harborne na kwingineko ilikuwa imemfundisha kwamba dunia nzima inazunguka upande mmoja, wala hakujiuliza. Hakuna mtu mwingine kule Taita angeweza kukosea hivyo. Mtoto yeyote wa kuchunga mbuzi, kwa ujinga wake, angeanza kwa kupanda.

Akaketi sakafuni. Jemima alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa glavu zake za kanisani. "Nami nilitia sahihi," akasema. "Niliona unaanza kwa kushuka, nikasema mimi ni nani, nikatia sahihi."

"Mimi nilipiga muhuri," Shantilal akasema. Kwa mara ya kwanza tangu Voi hakuwa na mzaha.

Bethuel alijiona mchafu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, akatamani mtu ampige. Alikumbuka yule bibi ukumbini na makofi yale, na lile tabasamu alilolitoa. Wakati anawaambia Wazungu kwamba kwetu baba humshika mwanawe mkono, dada yake labda alikuwa amesimama mbele ya kigingi, peke yake, anaulizwa kama alitembezwa.

Lakini bado kulikuwa na tumaini, na alilishika kwa mikono miwili. Sheria ilitoa muda wa kupinga kabla daftari la ardhi halijafungwa, na muda huo ulikuwa haujaisha. Atakwenda. Ataanzia kaburini, atapanda, atawaonyesha wote kwa miguu yake, na aseme mbele ya Cleopas na kamati: nilikosea mimi, dada yangu yu sahihi. Kesho yake alidamka kwenda posta, akapeleka simu ya maandishi kumwomba Milka afike posta ya Wundanyi siku ya Alhamisi, mchana, atapigiwa. Tasnifu aliyokuwa akiiandika akaisukuma chini ya kitanda. Profesa akauliza kuna nini, akajibiwa ni mambo ya nyumbani.

Alhamisi Shantilal alifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya theluji kubwa. Wakakaa watatu kuizunguka simu. Ilipita saa ya kwanza waliyoahidiwa kuunganishwa, ikapita ya pili, mwishowe kengele ikalia, mwanamke wa simu akawaunganisha, na katikati ya mikwaruzo ikaja sauti inayopayuka kama inayoita mtu ng'ambo ya bonde.

"Bethu! Ni wewe? Bethu!"

"Ni mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu! Hujambo? Unakula? Jemima alisema umekonda!"

Alikuwa na furaha. Hilo Bethuel hakulitarajia, akapotewa na yale aliyoyapanga. "Dada, nisikilize, kuhusu ile karatasi..."

"Asante kwa karatasi! Subiri, nianze mimi, maana nimekukosea. Siku ile ya wapimaji nilikasirika, Bethu. Nilikutukana mbele za watu, nikasema Ulaya imekuharibu akili. Unisamehe. Nilirudi nyumbani nikakaa, nikajiambia: Milka, huyu si amesoma mipaka huko miaka yote hii? Tena ni yeye aliyeshikwa mkono na baba. Wewe unajua nini zaidi ya jembe? Bethu hawezi kukosea. Nikaona ni kweli, sisi ndio tulioyavamia maji ya watu."

"Dada..."

"Basi nikafanya la heshima. Nikatoa mbuzi, yule jike mweusi, nikampelekea Cleopas mbele ya wazee. Nikamwomba radhi kwa maji yote niliyochota. Hakunisumbua, mtu mzuri yule. Tumekula pamoja, tumenawa bakuli moja, yamekwisha. Ameniruhusu kuchota ya kunywa asubuhi. Kabichi ndiyo basi, lakini nitalima mihogo, haitaki maji."

Jemima, aliyekuwa ametegesha sikio karibu, alifunika uso kwa viganja. Yeye na Bethuel walijua jambo ambalo Shantilal alilisoma usoni mwao: nyama ya suluhu ikishaliwa, hakuna wa kufufua kesi. Anayeifufua ni kama amezitakia mauti nyumba zote mbili, na wazee hawatamsikiliza hata akija na jaji. Hata akishuka kwenye ndege kesho, hata akitembea shamba lile mpaka nyayo zichubuke, yamekwisha.

Angeweza kunyamaza. Alimsikia dada yake ametulia, ana amani yake aliyoinunua kwa mbuzi. Lakini alishindwa, kwa sababu uongo huo ungekuwa wake wa pili, baada ya ule wa ukumbini.

"Dada, maji ni yako," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Niliandika njia kinyume. Baba alizunguka akianza kwa kupanda, mimi nikaandika kwa kushuka. Kushoto kwa baba ni ndani. Maji yalikuwa ndani, dada. Yalikuwa yako siku zote."

Mikwaruzo ikajaa kwenye simu. Alidhani wamekatika.

"Ndani?" Milka akauliza. Hakuwa akipayuka tena.

"Ndani."

"Kama nilivyosema mimi."

"Kama ulivyosema wewe. Nisamehe, dada. Ilinipasa kuja. Ulisema nije, ilinipasa nije."

Sauti ya Milka sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka, haina hasira hata kidogo.

"Watoto niliwaweka chini, Bethu. Nikawaambia mama yenu alikuwa akiiba maji ya watu bila kujua, na wakikutana na wa kwa Cleopas wawape njia, wainamishe macho. Wanainamisha. Sasa nikawaambie nini?"

Mwanamke wa simu akaingia kati, akauliza kama wanataka kuongeza dakika tatu. Bethuel akasema ndiyo, waongeze. Dakika zote tatu Milka alingoja jibu kule Wundanyi.